Chanjo ya korona mwaka mmoja, ya malaria miaka zaidi ya 30, kulikoni?

SWALI: Shikamoo dokta. Chanjo ya korona ilitoka chapchap ndani ya mwaka mmoja lakini ya malaria, inayomaliza watoto wetu huku, imechukua miaka kibao. Si walilipua ile ya korona? Mama Wawili, Tanga

JIBU: Marahaba mama. Hapana, hawakulipua. Teknolojia ya mRNA iliyotumika kwenye baadhi ya chanjo za korona, yaani kuupa mwili maelekezo ya kutengeneza kipande cha kirusi ili kinga ijifunze kukitambua, ilianza kufanyiwa kazi zamani sana, wanasayansi Katalin Karikó na Drew Weissman walihangaika nayo miaka mingi kabla ya korona mpaka wakapewa Nobel 2023, kwa hiyo Januari 2020 jeni za kirusi zilipotangazwa msingi ulishakuwepo, pesa zikamwagwa, hatua za majaribio zikaendeshwa sambamba badala ya kusubiriana, na watu wa kujitolea walikuwa makumi ya maelfu.

Malaria ni mtihani mwingine kabisa. Kimelea chake kina jeni zaidi ya 5,000, tena kinabadilika kutoka ini hadi kwenye damu, kinga inabaki kukikimbiza tu. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilianza kutengenezwa miaka ya 1980, WHO wakaipitisha 2021. Ila ya pili, R21, ikafuata 2023 tu, na majaribio yake yalifanyika hata hapa Bagamoyo na kule Kilifi! Pesa nayo imechangia jamani, ugonjwa wa maskini hauvutii wawekezaji, na hilo linaniuma sana.

Wanao wakifikia umri, ulizia kliniki kama chanjo imefika kwenu. Chandarua usiache, maana chanjo haizuii malaria yote.