Pesa za chiti hazitaondoa foleni yako

Mdogo wangu, umeuliza kama ni vibaya kuwasha pesa zisizoisha, yaani chiti, kwenye Cities: Skylines, ile gemu ya kujenga na kuendesha mji, maana vijana wa kijiweni hapo Kirumba wamekucheka. Unacheza peke yako, sasa unamwibia nani? Waliotengeneza gemu wenyewe wameiweka hiyo modi (nyongeza inayobadilisha gemu) ndani yake. Ukiiwasha hupati zile tuzo za mafanikio, basi. Hata SimCity, gemu ya kujenga mji ya 1989, ilikuwa na mlango wa uani: ukiandika FUND unapewa dola 10,000 za gemu, ukizidisha tamaa linakuja tetemeko la ardhi. (Hao jamaa nawapenda kwa hilo.)

Ila tatizo lako si pesa. Umesema unaijenga Mwanza, na magari yote yamejazana kwenye barabara uliyoiita Kenyatta. Mwaga mabilioni, foleni itabaki palepale. Tafuta modi ya Traffic Manager, ile inayokuruhusu kupangia kila leni uelekeo wake na kuondoa taa pasipo na haja. Kwenye makutano yanayobana, leni ya kushoto iache ya kukata kushoto tu, halafu tazama kwa muda kabla hujagusa kingine.

Kabla ya kuweka modi yoyote, sevu mji kwa jina jipya. Na modi iliyoleta majengo au barabara ambazo tayari umezitumia usiiondoe hovyo, mji unaweza kugoma kufunguka. Pakua modi kutoka Steam Workshop, sehemu ya modi kwenye duka la gemu la Steam, achana na mafaili ya kurushiana kwenye flashi.