Fensi imeangushwa na kimbunga? Usishike nyundo kwanza

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Disemba 2021, vimbunga vilipopita Kentucky, huku Marekani, tulikuwa na mbuzi kama arobaini kwenye kashamba ketu nje kidogo ya Bowling Green. Nyumba ilipona, banda likapona, ila miti ililala juu ya fensi upande wa barabara na upande mzima wa chini, na kulipokucha mbuzi wako barabarani wanatembea kama wametumwa sokoni. Sasa mfugaji utafanyaje? Kesho yake nikatafuta waya na nguzo, mimi na shemeji tukafunga upande wa barabara mpaka vidole vikafa ganzi, nikajiona mwanaume kweli.

Kumbe nimejichoma mwenyewe.

Jirani yangu, mzee mmoja mzungu anafuga ng'ombe, alipita akaniuliza umeshaenda FSA? Ni ofisi ya wizara ya kilimo, USDA, inayohudumia wakulima kaunti kwa kaunti, na wana mpango wa dharura unaitwa Emergency Conservation Program, wenyewe wanasema ECP tu. Kaunti yenu ikiruhusiwa kuomba baada ya janga wanakusaidia kutoa miti na takataka shambani, kurudisha udongo uliosombwa, kujenga upya fensi. Wanachangia mpaka asilimia 75 ya gharama, na kama una chini ya miaka 10 kwenye kilimo inaweza kufika 90. Mimi nilikuwa na miaka mitatu! Ila sharti ni kwamba unaomba kwanza, waje waangalie, kamati ya kaunti ipitishe, ndo uanze kazi. Ule upande niliokwisha kufunga sikupata hata senti, na sina wa kumlaumu, sikuuliza.

Upande wa chini ndo ulioniokoa maana nilikuwa sijaugusa. Kwa hiyo mbuzi wakitoka wazibie na chochote cha muda, wafungie bandani, omba pa kuwaweka kwa jirani, lakini fensi yenyewe iache ilivyolala, piga picha kila kona, halafu kimbia ofisini. Ukifika watakuuliza namba ya shamba, na hapa wengi wetu tunakwama kwa sababu tulinunua eka zetu tukaingiza mifugo bila kujiandikisha popote. Kajiandikishe hapo FSA sasa hivi wakati jua linawaka, beba hati ya ardhi au mkataba wa kukodi.

Risiti weka zote. Na kitu ambacho hakuna aliyeniambia mapema, kazi ya mikono yako mwenyewe na trekta lako inahesabiwa kwenye gharama, ila lazima uandike tarehe na masaa, mimi nilikuwa naandika nyuma ya kalenda ya jikoni na walikubali. Hela inakuja kazi ikiisha, kwa hiyo jipange, ingawa kwa fensi unaweza kuomba robo mapema, na ukipewa una siku 60 za kuitumia, usije ukaituma nyumbani kwenye harusi.

Kingereza kisikutishe, uliza kama kuna mkalimani, sisi tulipewa bure. Mama watoto aliomba, wakampigia simu mmoja, Kiswahili chake cha Lubumbashi kikatupiga chenga mara mbili tatu tukabaki tunacheka, lakini fomu zilijazwa.