Bei kupanda peke yake isikudanganye: nilivyojifunza kulisoma soko la nyumba

Mkuu, umeuliza uanzie wapi kwenye nyumba za kupangisha, na utajuaje kama eneo linakua kweli au ni maneno ya madalali. Nakujibu kama mtu aliyeungua.

Nyumba yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu moja tu: bei za eneo lile zilikuwa zimepanda miaka mitatu mfululizo. Dalali alinipandisha hadi juu ya paa. Nikahesabu winchi nne za ujenzi, moyo ukanidunda, nikasema hapa ndipo penyewe. Kumbe zile winchi zilikuwa zinanijengea washindani. Mwaka na nusu baadaye majengo yakakamilika, mpangaji wangu akaja na kipeperushi mkononi: jengo jipya, mwezi wa kwanza bure, na maegesho juu yake. Nikapunguza kodi, akahama hivyo hivyo. Nyumba ikakaa tupu miezi mitano, marejesho ya benki nikiyatoa kwenye mshahara.

Tangu hapo naanza na kodi, bei baadaye. Bei inaweza kupandishwa na wanunuzi wanaouziana wenyewe kwa wenyewe, ila kodi hulipwa na mtu mwenye kipato anayetaka kulala pale. Ukiona bei imepanda mara mbili na kodi iko palepale, hapo watu wananunua matumaini. Marekani bei za nyumba zilifika kileleni 2006, na kufikia mwanzoni mwa 2012 zilikuwa zimeporomoka kwa zaidi ya robo. Wengi walidaiwa zaidi ya thamani ya nyumba yenyewe, hata kuuza wasiweze bila kuongezea za mfukoni.

Sasa piga hesabu. Chukua nyumba ya bei ya 100, kodi ya mwaka 8. Dalali atakwambia unapata asilimia 8. Toa mwezi mmoja wa kukaa tupu, toa 1 ya matengenezo (bomba halipasuki siku ya kazi, hupasuka sikukuu), toa sehemu ya kumi ya kodi umlipe msimamizi, toa bima na kodi ya jengo ya serikali. Unabaki na 5 na kidogo. Kama benki inakukopesha kwa riba ya 9, basi mpangaji anakaa kwako na wewe unamchangia.

Kuhusu ukuaji, angalia watu na kazi zao. Detroit, jiji la viwanda vya magari kule Marekani, ilikuwa na watu kama milioni 1.85 mwaka 1950. Sensa ya 2020 ilikuta kama 640,000. Viwanda vya magari vilipungua, wengine wakahamia pembezoni mwa jiji, nyumba zikabaki. Kwa hiyo ukikuta nyumba ya bei ya kutupa, uliza kwanza nani ameondoka. Eneo lenye waajiri wa aina tofauti huniondolea wasiwasi kuliko lenye kiwanda kimoja kikubwa.

Halafu kuna utafiti wa miguu. Nenda saa mbili usiku, siku ya kazi, uhesabu madirisha yenye taa. Niliwahi kupelekwa kwenye jengo ambalo "limeisha kuuzwa lote". Katika madirisha 40 niliyoyaona toka barabarani, 17 ndiyo yalikuwa na taa. Kuuzwa na kukaliwa ni vitu viwili. Piga simu pia kama mpangaji, usiseme unanunua, uone majibu yanavyobadilika. Nakili matangazo ya kupangisha, rudi baada ya wiki tatu uone yapi bado yapo na yapi yameshusha bei.

Hati ikaguliwe na mwanasheria wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji. Na usiguse mkopo kabla hujaweka pembeni marejesho ya miezi sita. Mimi sikuwa nayo, ndiyo maana ile miezi mitano naikumbuka mmoja mmoja.

Hiyo nyumba unayoifikiria, weka hapa bei, kodi wanayolipa majirani na riba uliyotajiwa, tuichambue. Picha za sebule baki nazo.