Muulize Fundi: Kadi Mbili, Kioo Kimoja

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni kijana wa Ujiji, kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Mwaka jana nilinunua laptopu ya mtumba pale Mwanga, ina kadi mbili za kuchora picha, Intel pamoja na Nvidia GeForce 940MX ya gigabaiti 2. Windows ilikuwa nzito, rafiki yangu akanipigia Linux Mint. Tangu hapo feni inavuma hata nikiwa naandika barua tu, na betri iliyokuwa inakaa saa tatu sasa haifiki saa moja. Blender, ninayoitumia kuchezesha majina ya bwana na bibi harusi, haiioni kabisa ile Nvidia. Nikapata maelekezo nikayafuata: nikaweka draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi, nikaandika nvidia-xconfig, nikawasha upya. Kioo kikawa cheusi, kikabaki kistari kidogo kinapepesa kwenye kona. Nimepiga Mint upya mara tatu, yakawa yale yale. Aliyeniuzia anasema kadi imekufa, nirudishe Windows nikubali yaishe. Je, imekufa kweli? Na nifanyeje iwe inawaka muda wote?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiirudishe, na usikubali yaishe. Yote uliyoniandikia ni dalili za kadi iliyo hai lakini haijapewa kazi yake. Kabla hujagusa kingine, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

lspci | grep -E "VGA|3D"

Nina hakika itakuletea mistari miwili. Wa kwanza una neno Intel na umeandikwa VGA. Wa pili una neno Nvidia, na tazama vizuri kilichoandikwa mbele yake. Kwenye mashine nyingi za aina yako haukuandikwa VGA, umeandikwa 3D controller. Hayo maneno mawili ndiyo kiini cha shida yako, kwa sababu yanasema kadi hii inajua kuchora lakini haina waya unaokwenda kwenye kioo.

Wewe ni mtu wa Kigoma, hili utalielewa upesi kuliko wasomaji wangu wengine. Reli inatoka Dar es Salaam, inapita hapa kwetu Tabora, inaishia Kigoma bandarini. Behewa haliingii ziwani. Mzigo wa Bujumbura unashushwa, unapakiwa melini, na meli ndiyo inayoufikisha. Sasa Nvidia yako ni treni, Intel ni meli, na kioo ni Bujumbura. Nvidia inachora picha, inaikabidhi kwenye kumbukumbu ya Intel, kisha Intel inaipeleka kiooni. Ulipoandika nvidia-xconfig uliuamuru mfumo umpe Nvidia kioo moja kwa moja. Umeamuru treni iingie majini. Ndiyo maana kukawa giza.

Najua uchungu wake kwa sababu yalinikuta. Mwaka 2014 mwanafunzi wa chuo aliniletea laptopu yake usiku, kesho yake alitakiwa kuwasilisha mradi. Nikafanya hilo hilo ulilofanya. Kioo kikawa cheusi, na kijana amekaa kwenye kiti mbele yangu ananiangalia. Kulipokaribia kucha ndipo nilipogundua kwamba mashine yenyewe ilikuwa nzima, kazi yake yote ilikuwa mle ndani, na kilichoharibu ni faili moja tu la mipangilio ya kioo, xorg.conf, lililoandikwa na nvidia-xconfig. Ningejua mapema ningemaliza kwa dakika mbili. Kwa hiyo hili naliandika kwa ajili yako na yeyote aliye gizani sasa hivi: usipige upya. Bonyeza Ctrl, Alt na F2 kwa pamoja. Utaona maandishi yanayokuomba jina na nenosiri. Ingia, kisha:

sudo mv /etc/X11/xorg.conf /etc/X11/xorg.conf.zamani

halafu sudo reboot. Kioo kitarudi. Kama F2 haiitiki, wakati wa kuwasha bonyeza Esc au shikilia Shift mpaka menyu ya kuwashia itokee, ingia kwenye recovery mode, ufanye hivyo hivyo kutokea huko.

Kwa nini maelekezo yalikupotosha? Ni ya zamani. Nvidia ilileta mpangilio huu wa kadi mbili, inaouita Optimus, mwaka 2010, na watu wa Linux waliachwa wajitafutie. Wakajitafutia kweli. Mwaka 2011 likaja Bumblebee, programu iliyotengenezwa na watu wa kujitolea, ambalo kwa miaka kadhaa ndilo lilikuwa kimbilio letu. Mwaka 2012, kwenye mkutano wa Chuo Kikuu cha Aalto kule Finland, mwanamke mmoja alimuuliza Linus Torvalds, mwenyewe aliyeianzisha Linux, juu ya tatizo hili hili la laptopu yake, na Torvalds akaitukana Nvidia hadharani mbele ya kamera. Mwaka 2019 ndipo draiva namba 435 ilipoleta njia rasmi ya kumwachia Intel kioo na kumwita Nvidia kwa programu moja moja. Kwa hiyo ukikuta maelekezo yana neno optirun, amri ya Bumblebee, au yanakutaka uandike xorg.conf kwa mkono, jua ni ya enzi zile. Yaache.

Na unaponakili amri, nakili herufi kwa herufi. Hilo Bumblebee lenyewe, mwaka ule ule wa 2011, liliwahi kuwa na nafasi moja ya ziada ndani ya amri ya kufuta, baada ya neno /usr. Nafasi moja, unayoipata kwa kugusa kitufe kirefu mara moja. Badala ya kufuta folda moja ndogo, ikafuta /usr yote, na humo ndimo programu nyingi za mfumo zinamokaa. Mimi mpaka leo nikifika kwenye neno rm, ndiyo amri yenyewe ya kufuta, naondoa mkono kwenye kibodi, nasoma tena.

Sasa tuiamshe kadi yako. Hivi sasa inaendeshwa na nouveau, draiva huria iliyomo ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux. Walioitengeneza nawaheshimu sana, kwa sababu walizichunguza kadi kutokea nje bila kampuni kuwaonyesha zilivyoundwa. Lakini kwenye kadi nyingi haiwezi kuzipandisha kasi inavyotakiwa, na wakati mwingine haizilazi vizuri, na hapo ndipo feni na betri yako vinapoumia. Pia haina CUDA, njia ya Nvidia ya kuipa kadi mahesabu, ambayo Blender inaitumia kurenda, yaani kutoa picha iliyokamilika, kwenye kadi za Nvidia. Ndiyo maana Blender inasema haioni kitu.

Nunua bando la kutosha, kwa maana draiva ni mamia ya megabaiti. Kwenye menyu ya Mint fungua Driver Manager, chagua ile iliyoandikwa recommended. Usichukue faili la .run kutoka kwenye tovuti ya kampuni. Likiwekwa hivyo, keneli ikipata toleo jipya draiva inabaki nyuma, na umerudi gizani. 940MX ni ya kizazi cha Maxwell, na tawi la 580 ndilo la mwisho kukihudumia, kwa hiyo ukiona namba kubwa zaidi ya hapo usiitamani, haitaijua kadi yako.

Kuna mahali wengi wanakwama hapa. Kama Secure Boot, kinga inayozuia programu zisizoaminika wakati wa kuwasha, imewashwa kwenye mashine yako, wakati wa kuweka draiva utaombwa utunge nenosiri. Liandike kwenye karatasi. Ukiwasha upya, kabla ya Mint kufunguka, kitatokea kioo cha bluu. Wengi wanadhani ni hitilafu, wanabonyeza Continue kipite. Usikipitishe. Chagua Enroll MOK, endelea, ingiza lile nenosiri. Ukikiruka, mfumo utaikataa draiva kwa kukosa sahihi inayoaminika, na utakuja kuniandikia tena kwamba umeweka lakini haifanyi kazi. Kuhakiki, andika nvidia-smi. Ikikuletea jedwali lenye jina la kadi na kiwango cha joto, draiva imeingia.

Kisha andika:

sudo prime-select on-demand

na uwashe upya. Hapa ndipo naijibu ile ya kutaka iwake muda wote: usitake. Kuandika barua, kusoma, kutazama filamu, Intel inayamudu yote kwa umeme kidogo. Nvidia mwite kwa kazi nzito tu. Kwenye Blender nenda Preferences, halafu System, chagua CUDA, uweke alama kwenye jina la kadi. Ndani ya mradi wako chagua Cycles, injini ya kurenda, na sehemu ya Device weka GPU. Kurenda kutakwenda Nvidia bila kuandika amri nyingine. Kama unataka hata dirisha la kuchorea liwe jepesi, ifungue Blender kwa kubofya kitufe cha kulia kwenye menyu ya Mint na kuchagua kuiendesha kwa kadi ya Nvidia. Ukitaka kuona kwa macho yako tofauti iliyopo, weka kifurushi cha mesa-utils, andika glxinfo -B, utasoma jina la Intel. Kisha andika:

__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia glxinfo -B

na jina litakalokuja ni la Nvidia. Mwanzoni kabisa ni vistari viwili vya chini, si kimoja. Siku nilipoliona jina hilo likibadilika kwenye mashine yangu bila kuzima wala kuwasha, niliirudia ile amri mara nne kwa furaha.

Suala la betri nitakuwa mkweli kwako. Kadi za kizazi cha Turing na kuendelea zinaweza kujizima kabisa zenyewe zikiwa hazina kazi. Yako ni ya zamani kuliko hapo, kwa hiyo kwenye on-demand inabaki inakula umeme kidogo. Siku unayokwenda kurekodi harusi mbali na umeme, andika sudo prime-select intel, washa upya, uondoke. Laptopu yangu ni ya umri huo huo, na kwa kufanya hivyo imetoka saa moja na nusu ikafika saa tatu na robo.

SWALI: Mimi ni mwalimu, niko Urambo. Nilichagua intel ili kutunza betri, sasa projekta ya shule haipokei chochote kwenye HDMI. Waya umeharibika?

JIBU: Waya ni mzima, mwalimu. Kwenye baadhi ya laptopu tundu la HDMI limeungwa kwenye Nvidia, si kwenye Intel, kwa hiyo ukiizima Nvidia umelizima na tundu. Rudi on-demand, uwashe upya. Projekta ikigoma bado, tumia sudo prime-select nvidia kwa siku ya kipindi, na laptopu iwe kwenye chaji. Fanya jaribio jioni ya siku iliyotangulia, kwa maana kila badiliko linataka kuwasha upya na wanafunzi hawatakusubiri.

SWALI: Mama, yangu ina AMD mbili, ndogo na kubwa. Nipakue draiva gani?

JIBU: Usipakue. Draiva huria ya AMD imo tayari ndani ya keneli na Mesa, maktaba ya kuchorea inayokuja na mfumo. Andika DRI_PRIME=1, acha nafasi, kisha jina la programu, na itafunguka kwenye kadi kubwa.