Ukavu Kwanza, Joto Baadaye: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Mavazi ya Mvua

Maswali ya safari hii yametoka Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma, Kisii na Ahero. Nimeyachagua yale yanayogusa maisha ya kila siku, na mengine yaliyofanana nimeyaunganisha.

Jaketi gani ni zuri kwa mvua? (Msomaji, Lanet, Nakuru)

Swali hili hunifikia kila mvua inapokaribia, na karibu kila mara huja likiwa tupu hivi hivi. Anayeuliza hasemi anatoka nyumbani saa ngapi, anatembea kwa miguu au anapanda matatu, wala hasemi kama kazi yake ni ya chini ya paa au ya shambani. Mchuma chai wa Kericho, ambaye majani mabichi humlowesha kiuno na mapaja hata mvua ikiwa imekatika, anahitaji aproni ya plastiki kabla ya kuhitaji koti. Karani anayetoka steji hadi ofisini kwa mwendo mfupi anaweza kutosheka na mwavuli imara na viatu visivyopitisha maji. Tafadhali, unapoandika, eleza siku yako ilivyo, ndipo utakapopata jibu linalokufaa.

Hata hivyo, liko jambo moja linalowahusu wote. Watu wengi hununua unene wakidhani wamenunua kinga. Jaketi nene lililojazwa sponji au manyoya limetengenezwa kwa ajili ya baridi kavu, nalo hufanya kazi kwa kuishika hewa iliyo ndani yake; likinyeshewa sawasawa hewa ile hutolewa na maji, jaketi linakuwa zito, na aliyelivaa anabaki amejifunika kitu chenye maji kinachomnyonya joto la mwili. Koti jembamba lisilopitisha maji, likivaliwa juu ya sweta ya kawaida, linalishinda kwa mbali, na mara nyingi ni rahisi zaidi. Kwanza hakikisha kwamba utabaki mkavu, kisha ndipo ushughulikie joto.

Wala msiitegemee kalenda kupita kiasi. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba ni utaratibu wa nchi kwa jumla, lakini Kericho na Kakamega hupata mvua karibu mwaka mzima, na Nakuru na Eldoret hunyeshewa pia Julai na Agosti, miezi ambayo baridi nayo imeshika. Anayefungia koti lake kabatini mwezi wa Juni kwa kuwa masika yamekwisha atalitafuta tena kabla halijapata vumbi.

Nasafiri kila wiki kutoka Kisumu hadi Nakuru. Nikivaa sweta nafika Ahero nimelowa jasho. Nikiiacha natetemeka Mau Summit. Nifanyeje? (Mfanyabiashara, Kondele)

Hili ni swali zuri, na linaonyesha kwamba mwulizaji ameiangalia safari yake. Kisumu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, mji wa Kericho unapita mita 2,000, Mau Summit iko juu zaidi ya mita 2,400, kisha barabara inateremka hadi Nakuru iliyo karibu na mita 1,850. Kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo ukitoka Kisumu kukiwa na nyuzi 28, usishangae kukuta nyuzi 20 au chini ya hapo ukifika juu, hata kabla wingu halijatanda na dirisha la matatu halijaachwa wazi na abiria mwenzako.

Nguo moja nzito haiwezi kukufaa katika safari ya namna hiyo. Vaa nguo nyepesi tatu zinazoweza kuongezwa na kupunguzwa ukiwa umeketi. Ya ndani iwe fulana au shati la kitambaa kinachokauka upesi, kama poliesta nyepesi au mchanganyiko wake na pamba. Pamba tupu ni nzuri kwa joto la Kisumu, lakini ikishanywa jasho hukaa na unyevu ule, na ukifika Londiani unyevu huo ndio unaokutetemesha, wala si baridi peke yake. Ya kati iwe sweta yenye zipu au vifungo mbele, maana sweta ya kuvaliwa kichwani haivuliki kwa adabu katikati ya abiria waliobanana. Ya juu iwe koti jembamba la mvua linalokunjika likaingia kwenye mkoba. Vaa sweta mnapoanza kupanda kuelekea Kericho, kabla hujasikia baridi, na uivue kabla hujaanza kutoka jasho. Leso nayo ipewe heshima yake: mama akiwa na leso mbili mkobani ana cha kujitanda mabegani, cha kufunika miguu na cha kumfutia mtoto.

Niongeze onyo ambalo hukuuliza. Sehemu za Kericho hupata mvua ya mawe mara nyingi, hasa alasiri. Katika ukanda wote wa ziwa na milima inayolizunguka, jua kali la asubuhi si ushahidi wa jioni kavu. Mara nyingi joto lile lile ndilo linaloinua hewa yenye unyevu na kuleta ngurumo saa tisa au saa kumi. Chagua nguo kwa kuifikiria saa utakayorudi nyumbani.

Nilinunua koti la mvua la mitumba pale Kibuye. Linaonekana jipya, lakini ndani linabambuka vipande vyeupe na maji yanapita. Nitalitengeneza vipi? (Dada wa Manyatta, Kisumu)

Dada yangu, hilo halitengenezeki. Makoti mengi ya mvua hupakwa utando mwembamba wa plastiki upande wa ndani, na utando huo huchakaa kwa umri, joto na unyevu hata kama koti halijavaliwa. Likikaa kwa miaka kabatini ng'ambo, kisha likafungwa ndani ya belo na kusafirishwa baharini, nje linaweza kung'aa wakati ndani limekufa. Dawa ya kupulizia inaweza kusaidia kitambaa cha nje kisinywe maji, lakini haiwezi kuurudisha utando uliobanduka.

Kwa wengine ambao bado hawajanunua: usilijaribu koti la mvua mbele ya kioo kwanza. Ligeuze nje ndani. Paangalie mabegani na kwenye kofia yake, ambako mvua hupiga zaidi. Mishono inapaswa kuwa imefunikwa kwa utepe uliogandishwa vizuri. Utepe ukinyanyuka kwa ukucha, maji yatapita pale pale. Sugua utando kwa kidole gumba, na ukinata au ukiacha unga kidoleni, lirudishe. Linuse pia, kwa sababu utando unaooza huwa na harufu kali ya uchachu ambayo sabuni haiondoi. Kisha mwombe mwuzaji ruhusa, ukunje sehemu ya mgongo iwe kama bakuli, umimine maji kidogo kutoka kwenye chupa yako na usubiri dakika chache huku ukipapasa upande wa pili kwa mkono mkavu. Mwuzaji mwaminifu hatakataa. Anayekataa amekwisha kukujibu.

Bei ya kamera, yaani nguo za mitumba zinazochaguliwa kwanza, haithibitishi lolote hapa. Wanaochagua nguo za kwanza belo linapofunguliwa hutazama rangi, nembo na zipu, utando hawautazami. Wakati mwingine koti la plastiki lililo wazi, lililoachwa kwenye fagia, yaani rundo la mabaki, kwa kuwa halina sura, ndilo litakalokufikisha nyumbani ukiwa mkavu.

Je, gambuti huzuia radi? (Mkulima, Kisii)

Hapana, na naomba swali hili lisiletwe tena kama ubishi wa sokoni. Radi imekwisha kuipasua hewa kwa kilomita nzima kabla ya kukufikia. Mpira wa milimita chache chini ya unyayo hauwezi kuizuia. Ukisikia ngurumo ukiwa shambani, weka jembe chini, funga mwavuli na uingie kwenye nyumba au gari lililofungwa, wala usijikinge chini ya mti. Kisii na Kakamega ni sehemu zinazopigwa radi mara nyingi, na kila anayewafundisha watoto kwamba gambuti ni kinga anawaweka hatarini.

Sweta na viatu vya mtoto havikauki hadi asubuhi. Naviweka juu ya jiko usiku. Je, ni sawa? (Mama wa wanafunzi wawili, Kakamega)

Mama, sitisha jambo hilo leo. Jiko la makaa linalowaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo huua watu wakiwa usingizini. Familia nyingi hapa kwetu hufunga madirisha kwa ajili ya baridi na kuacha jiko likimalizikia chumbani. Hakuna sare ya shule yenye thamani hiyo. Zaidi ya hayo, moto wa karibu hupasua ngozi ya kiatu na kulegeza gundi ya soli, na sweta ya akriliki ikiguswa na moto huyeyuka na kushika ngozi ya mwili.

Fanya hivi. Sweta nyingi za shule ni za akriliki, na uzi huo wenyewe haunywi maji mengi. Maji hukaa katikati ya nyuzi na yanaweza kutolewa kwa nguvu. Itandaze sweta juu ya taulo kavu, vikunje pamoja kama mkeka, kisha kanyaga au kandamiza kwa magoti kutoka upande mmoja hadi mwingine. Taulo itatoka imelowa na sweta itabaki na unyevu kidogo tu. Iweke mahali penye upepo chini ya paa, ikiwa imelala au imetandazwa juu ya kamba mbili, ili mikono isivutike. Viatu vitolewe soli za ndani, vijazwe magazeti yaliyofinyangwa, na magazeti hayo yabadilishwe kabla ya kulala. Asubuhi unyevu mdogo ukibaki, mtoto avae soksi kavu na kubeba jozi nyingine kwenye mfuko wa plastiki. Soksi za akiba ni kitu cha bei ndogo kinachoweza kumfanya asikilize somo badala ya kukunja vidole vya miguu chini ya dawati.

Hapa nina neno kwa walimu wakuu. Ziko shule zinazomrudisha mtoto langoni kwa sababu koti lake la mvua si la rangi ya shule. Mtoto aliyetembea kwenye matope ya alfajiri akafika akiwa mkavu ametii lengo la sare kuliko yule aliyefika amelowa katika rangi inayotakiwa. Ruhusuni koti lolote hadi mlangoni mwa darasa, na wekeni misumari ya kuyatundikia.

Mwavuli mkubwa wa pikipiki au suti ya mvua? (Mwendesha bodaboda, Webuye)

Suti ya mvua, bila kusita. Mwavuli ule hushika upepo kama tanga, na lori likikupita kwenye barabara kuu ya kwenda Malaba unaweza kukuhamisha njia kabla hujashika breki.

Nunua suti ya vipande viwili iliyo kubwa kuliko kipimo chako, ili ukiketi na kunyoosha mikono isikupande tumboni wala kwenye vifundo. Miguu ya suruali ishuke nje ya gambuti. Wengi huiingiza ndani, halafu wanalalamika kwamba gambuti zinavuja, na kumbe suruali ndiyo inayoelekeza maji ndani kama mfereji. Kizibao cha kuakisi mwanga kivaliwe juu ya suti. Sheria ya trafiki inakitaka kwako na kwa abiria wako, na mvua ya jioni ndiyo saa ambayo dereva aliye nyuma yako hakuoni kabisa ukiwa umekifunika kwa koti jeusi.

Suruali ya jinzi inafaa wakati wa mvua? (Mwanafunzi wa chuo, Njoro)

Haifai. Ni pamba nzito, hunywa maji mengi, na kwa baridi ya Njoro inaweza kuchukua siku mbili kukauka kambani.

Maji ya mafuriko yakijaa hapa kwetu, ni heri gambuti au miguu mitupu? (Msomaji, Ahero)

Kwenye matope na maji yasiyofika katikati ya muundi, vaa gambuti, kwa sababu chini kuna vioo, misumari na kinyesi kilichosombwa kutoka vyooni, na katika maji yaliyotuama ya mashamba ya mpunga na mifereji kichocho hupenya kwenye ngozi isiyofunikwa. Maji yakikaribia mdomo wa gambuti, rudi. Gambuti iliyojaa maji ni nzito, haivuliki kwa urahisi, na katika maji yanayokwenda kasi inaweza kukuangusha. Kwa hiyo usivuke ukiwa umezivaa, wala usivuke ukiwa umezivua, hadi maji yapungue.

Unapozinunua, zijaribu ukiwa umevaa soksi nene, na uzikunje pale kidole gumba kinapopinda uone kama mpira una nyufa ndogo. Jioni zioshe kwa sabuni, ukaushe ndani kwa kitambaa, uzisimamishe kichwa chini juu ya vijiti viwili, na upake miguu yako chochote ulichopewa na daktari kwa fangasi baada tu ya kukausha katikati ya vidole.