Umeuziwa Land Rover 109 ya 1968 isiyo ya 1968: kabla hujairudisha wala kuitengeneza, jua kwanza umenunua nini

Pole sana mkuu. Nimekuelewa hivi: umenunua Land Rover 109 (ile ndefu, inchi 109 kati ya ekseli) kwa dalali wa Arusha, ukaambiwa ni Series IIA, toleo lililotangulia Series III, ya 1968, mmiliki mmoja, imetoka shamba la kahawa, injini ya kiwandani haijaguswa. Umefika nayo Moshi, fundi kaipandisha, anakuambia hiyo ni Series III, injini ni ya Nissan, na chesesi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, ina kiraka juu ya kiraka. Sasa unauliza umrudishie, uiuze, au umeze hasira uitengeneze.

Waliokwambia uza haraka kabla hajajua mwingine, usiwasikilize. Leo wewe ni mtu aliyedanganywa. Ukiiuza kwa hadithi ileile huku ukijua ukweli, kesho wewe ndiye tapeli, na jina lililoandikwa kwenye mkataba ni lako, la dalali halimo.

Mimi na shemeji tulinunua ya namna hiyohiyo tukitaka kupandisha wageni Materuni. Na sisi tulipewa mzungu wetu, yaani hadithi ya mmiliki mmoja wa kizungu mwenye shamba. Arusha kila Land Rover kuukuu ina mzungu wake na shamba lake. Ukizijumlisha hizo hadithi, mashamba ya Tengeru na Usa River yalikuwa na magari mengi kuliko mibuni. Sababu ya kuzeesha gari ni pesa tu. Wapenzi wa Land Rover wapo dunia nzima, na kadiri gari ilivyo ya zamani ndivyo wanavyofungua pochi. Marekani gari ikishatimiza miaka 25 inaingia bila kubanwa na masharti ya usalama na moshi yanayobana gari mpya, kwa hiyo hata mnunuzi wa kule anatafuta vya kale. Na tangu lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 pale Arusha, naona hata mwenye mkweche uliofugiwa kuku anaongea bei ya makumbusho.

Haya, tuje kwenye gari yako. Kitu cha kwanza ni namba, tena siyo ile ya kibati cha namba kilichopigwa riveti ndani. Lala chini mbele upande wa dereva, tazama ule mkono wa chesesi unaoshika springi ya mbele. Hapo ndipo namba ilipogongwa kwenye chuma chenyewe. Hutaiona kirahisi kwa sababu ya rangi, matope na lami wanayopaka chini kuficha kutu. Mimi nilisugua kwa brashi ya waya, nikafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikasubiri pakauke, kisha nikapitisha chaki nyeupe juu yake na kufuta kwa kiganja. Chaki ikabaki kwenye mifereji ya tarakimu. Ya kwanza ilikuwa 9. Nikapanda ndani kutazama kibati: namba inaanza na 2, na riveti zilizokishika zinang'aa kama sufuria mpya, wakati rangi iliyozizunguka imechoka na kupasuka. Kibati kilitolewa kwenye gari nyingine.

Series III ilianza kutengenezwa 1971, ikaendelea hadi 1985. Zile za mwanzo, kabla ya mfumo wa namba ndefu, namba zake zinaanza na 9. Za miaka ya 80 zina namba ndefu yenye herufi, zinaanza na SALL. Ukikuta mojawapo ya hizo kwenye chuma, hata uletewe mzee wa miaka tisini aape kwamba aliiona mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, hiyo si gari ya 1968.

Usidanganywe na sura. Grili ya chuma ya IIA inafungwa kwa skrubu, unaivalisha Series III kabla chai haijapoa. Deshibodi inasumbua zaidi: IIA ina saa zake za mwendo na mafuta katikati, kwenye bati, Series III imezileta mbele ya dereva ndani ya plastiki. Muuzaji mvivu habadilishi hiyo, anakwambia tu ilibadilishwa baadaye kwa ajili ya uzuri. Na giaboksi nayo inaongea. Ya IIA haina sinkro (kinacholainisha kubadili gia) kwenye gia namba moja na mbili, lazima uijulie klachi la sivyo inalia. Kama yako inashuka kuingia namba mbili kimya huku inatembea, basi giaboksi hiyo ni ya Series III. Kweli giaboksi inaweza kuwa imehamishwa, ndiyo maana nasema anza na chuma kilichogongwa namba.

Ukishaipata, chukua kadi ya gari ulinganishe. Hapa ndipo mambo yanapogawanyika.

Kama namba ya chesesi imesagwa, au haifanani kabisa na ya kwenye kadi, achana na habari ya fundi na bei. Usibadilishe hata balbu. Peleka suala polisi wewe mwenyewe, ukiwa na mkataba na ushahidi wa malipo, kabla trafiki hajakusimamisha Bomang'ombe na kukuuliza maswali ambayo dalali ndiye mwenye majibu yake. Inaweza kuwa gari ya wizi, inaweza kuwa ilivuka Namanga bila ushuru, na kila siku unayoiendesha huku unajua inakuharibia maelezo yako.

Kama kadi na chesesi vinakubaliana na uongo uko kwenye mwaka na kibati tu, pumua. Ndivyo ilivyokuwa ya kwetu. Kadi ilibeba ile namba ya 9, na kwenye mwaka pameandikwa 1968. Yaani karatasi ileile inajipinga yenyewe, na hakuna aliyejali kwa sababu kila mnunuzi alisoma mwaka tu.

Injini ya Nissan nisikufiche, hainitishi. Kama ni TD27, dizeli ya Nissan, tena yenye mafungio mazuri, umepata bahati ambayo hukuilipia. Dizeli ya asili ya Land Rover, ile ya sentimita za ujazo 2286, ina nguvu ya farasi kama sitini na kidogo. Ukipakia watu na mizigo kupanda Kibosho utashikilia namba mbili hadi abiria washuke kununua ndizi. Spea za Nissan unazipata mjini, na fundi wa kuijua hukosi. Kinachoudhi ni kwamba umelipia injini ya kiwandani, na kwamba namba ya injini kwenye kadi ni ya ile iliyokwenda kwa wauza vyuma chakavu. Hiyo lazima irekebishwe TRA (Mamlaka ya Mapato), na utahitaji karatasi ya kuonyesha injini iliyopo imetoka wapi. Mdai muuzaji karatasi hiyo mapema, wakati bado anapokea simu. Halafu angalia breki: Series zote ni ngoma mbele na nyuma, na zilipangiwa mwendo wa injini ile dhaifu. Aliyekuwekea nguvu mara nyingi hakugusa breki. Mteremko wa Machame na gari imejaa si mahali pa kuligundua hilo.

Kilichonitia hasira mimi ni chesesi. Watu wanasikia bodi ya Land Rover ni aluminiamu wanadhani gari nzima haili kutu. Chesesi ni chuma, tena ni boksi lenye uwazi ndani, na inaoza kuanzia ndani kwenda nje. Gari iliyofanya kazi Natron au chini ya kreta ya Ngorongoro, kwenye vumbi la magadi, au iliyolala na tope la Simanjiro masika mpaka masika, nje unaiona nyeusi inapendeza, ndani imebaki ganda. Chukua nyundo ndogo ugonge taratibu kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinajibu kwa mlio mkali. Ukifika pabovu mlio unazimika, unasikia "pu", na vipande vinamwagika ndani ya boksi. Gonga hasa boriti la nyuma na ile mikono ya pembeni inayobeba bodi.

Pia tafuta sumaku, hata ya spika iliyokufa. Pitisha kwenye mabawa na uso wa nje wa milango: isishike, maana ni aluminiamu, ikinata, mtu amekata bati la kawaida akachomelea. Ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva ni chuma, hapo sumaku inatakiwa inate. Ya kwetu iliteleza upande wa kushoto pote, kuanzia bawaba ya mlango hadi sakafuni. Shemeji akachokoa kwa bisibisi, ikatoka puti nene kama ugali, na ndani yake gazeti. Walijaza gazeti ili puti isimezwe na tundu.

Sasa pesa yako. Usimpigie simu kumtukana, na kabla hujamwandikia usipake rangi wala kufungua injini wala kuipeleka safari. Ukishaanza kuifanyia mambo kama mwenye mali aliyeridhika, haki ya kuirudisha inapungua, unabaki na haki ya kudai fidia tu. Kusanya lile tangazo, ujumbe wa WhatsApp anapokuandikia "IIA, 1968, injini yake", picha alizotuma, risiti ya muamala. Usifute kitu, tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ushahidi wa namna hiyo unapokelewa mahakamani. Mwambie fundi aandike alichokiona, aweke tarehe na sahihi. Kisha mwone wakili akuandikie barua ya madai. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo hayo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakuruhusu kuukataa mkataba ulioukubali kwa kudanganywa. Lakini jiandae, maana wakili wake atasema ungeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida tu, na hoja hiyo ina nguvu pale ambapo muuzaji alinyamaza. Ndiyo maana kile kibati cha kubandikwa ni dhahabu kwako. Kubandika namba ya gari nyingine si kunyamaza, ni kutenda. Kipige picha zilipo riveti zake, usikiondoe. Na kama mkataba una maneno "limeuzwa kama lilivyo", usikate tamaa kabla wakili hajausoma. Muda unao, madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, ila muuzaji wa namna hii anahama mtaa upesi kuliko sheria.

Sisi hatukufika mahakamani. Barua ilipomfikia, dalali aligeuka mpole ghafla, tukakaa yeye, mwenye gari aliyetuuzia na mwenyekiti wa mtaa wake. Mwenye gari alisema pesa yote ameshaijengea, na kweli tofali tuliziona. Tukapiga hesabu ya gari jinsi ilivyo: Series III ya mwaka usiojulikana, injini ya kupandikiza, chesesi ya kuungwa. Akarudisha tofauti kwa awamu, kwa maandishi, dalali akiwa mdhamini. Shemeji alitaka kuendelea kubishana juu ya heshima, nikamwambia heshima hainunui boriti la nyuma.

Kwa hiyo kwako, kama chesesi ikigongwa inalia vizuri sehemu kubwa na viraka viko kwenye mikono ya pembeni na nyuma tu, mimi ningedai tofauti ya bei nikabaki nayo, nikaifanyia kazi kama Series III yenye Nissan. Ni gari nzuri ya kazi, ila si ya 1968. Kama imeoza kwenye mihimili mirefu yenyewe, pale springi zinaposhikia, irudishe, hata ikibidi upoteze kidogo. Chesesi mpya zilizochovywa zinki zinatengenezwa Uingereza hadi leo, lakini ukijumlisha usafiri, ushuru na kazi ya kuhamisha bodi nzima, utakuwa umenunua gari mara ya pili.

Ukiamua kuiuza, uza kwa jina lake. Andika kwenye mkataba: Series III, mwaka haujathibitishwa, injini si ya asili, kibati si chake. Wanunuzi wa hivyo wapo Mirerani na Longido, wanaotaka gari ya kubeba mzigo na hawana habari na 1968. Watakupa bei ya chuma na injini, na hawatakupigia simu usiku.

Lala chini kesho na hiyo chaki. Ukiisoma namba niambie tarakimu tatu za mwanzo tu, na kama kuna herufi mwishoni, niambie na hiyo. Zilizobaki usizianike mahali popote, maana wapo wanaotafuta namba safi ya kugonga kwenye chesesi isiyo na kadi.