Usinunue betri nyingine kabla ya kupima

Kwa miezi saba nilifunga betri tatu kwenye piki moja, ile ninayobebea abiria hapa Goma. Ya tatu niliinunua Birere siku ya mvua, nikaifunga palepale kibarazani, nikabonyeza demareri (mota ya umeme inayowasha injini), injini ikawaka mara moja. Nikamwambia muuzaji, "Papa, hii sasa ndiyo betri!" Wiki tano baadaye niko Ndosho alfajiri, mama mmoja keshapanda na gunia lake la viazi, nabonyeza, nasikia tk-tk-tk. Alishuka bila neno, akaita motari mwingine.

Fundi wangu, ambaye hadi leo tunasalimiana vizuri, alikuwa na jibu moja: betri za siku hizi si kitu. Siku moja aligeuka akasema ni regileta, kile kifaa kinachopima chaji iendayo kwenye betri, akaibadilisha, nikalipa. Kupima kwake kulikuwa kugusisha waya kwenye nguzo mbili za betri na kutazama cheche. Cheche ikiwa kubwa, moto upo. Ikiwa ndogo, leta pesa.

Nikanunua testa, kipima umeme, ile ndogo ya manjano ambayo kila muuza redio anayo. Kazi yangu ya kwanza nayo ilikuwa kuiunguza. Waya nyekundu nilikuwa nimeichomeka kwenye tundu lililoandikwa 10A, nikagusa nguzo za betri nikitafuta volti. Tundu lile ni la kupima ampea, umeme hupita ndani yake kana kwamba umeunganisha betri kwa kipande cha waya, na kwenye testa nyingi za bei ndogo halina hata fyuzi. Waya zikalainika mkononi kama mshumaa. Kwa hiyo, kabla hujagusa chochote: nyeusi kwenye COM, nyekundu kwenye tundu lenye herufi V. Kitufe kizungushe hadi 20, upande wa V yenye mstari mnyoofu. Ile V yenye kiwimbi ni ya umeme wa nyumbani na wa alteneta (ile inayozalisha umeme ndani ya injini), si wa betri.

Betri ipime asubuhi, kabla hujawasha. Ukipima jioni mara tu umezima injini utaona namba nzuri ambayo haina ukweli, maana chaji iliyoingia punde bado haijatulia ndani ya betri. Ikiwa imelala usiku mzima na inasoma 12.6 au 12.7, imejaa. 12.4 ina karibu robo tatu. Ikifika 12.0, hiyo ina njaa, na ukiiacha hivyo siku nyingi inajifia yenyewe. Kisha mwambie mtu abonyeze demareri wewe ukiwa umeshikilia ncha za testa kwenye nguzo. Namba lazima ishuke, ndiyo kazi. Ikiporomoka chini ya 9.6 na ilikuwa imejaa, hapo kweli betri imechoka.

Yangu ilisoma 12.7 ikiwa imelala. Kwa demareri ilishuka hadi 11.6 tu, na bado injini iligeuka kama mzee anayeinuka kitini. Hapo ndipo nilipokaa chini nikafikiri. Betri iliyochoka huporomoka, na hii haikuporomoka. Ilikuwa na nguvu zake, ila hazifiki.

Nikafanya kama mafundi wote: nikaweka testa kwenye alama ya mlio, nikagusa nguzo hasi ya betri na mwili wa injini. Ikalia piii, safi kabisa. Nikaamini masi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye nguzo hasi kupitia fremu, ni nzima, nikapoteza siku mbili nikichokonoa swichi ya demareri.

Sikilizeni, wandugu, kosa lilikuwa hapo. Mlio ule hutumia umeme kidogo mno. Waya ikibaki na uzi mmoja wa shaba usioukaribia hata unywele, testa italia piii vilevile, lakini demareri inataka ampea nyingi na uzi mmoja hauwezi kuzibeba. Ni kama kupima daraja kwa kulipitisha kuku, kisha unapitisha lori. Waya inapimwa ikiwa na mzigo.

Namna yenyewe ni hii. Rudisha testa kwenye volti, 20. Ncha moja iweke kwenye nguzo hasi ya betri, kwenye risasi yenyewe wala si kwenye bolti yake, na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mahali pasipo rangi. Bonyeza demareri. Ukisoma 0.1 au 0.2, masi ni nzima. Namba hiyo ni volti zinazopotea njiani. Mimi nilisoma 3.9. Karibu volti nne zilikuwa zinaishia kwenye njia ya kurudia, na demareri inakula makombo.

Nikafuata waya ya masi hadi inapofungwa kwenye fremu, chini ya kiti. Bolti ilikuwa imekazwa vizuri tu. Nikaifungua. Chini ya kile kijicho cha waya kulikuwa na rangi nyeusi, maana piki ilipakwa rangi kabla sijainunua na aliyepaka hakufunika mahali pa masi. Juu ya rangi kulikuwa na vumbi letu la lava lililoshikana kwa maji, na ukingoni kutu ya kijani. Umeme wote wa demareri ulikuwa unapita kwenye nyuzi za bolti. Nilisugua kwa msasa hadi fremu ikang'aa, nikakwangua kijicho pande mbili, nikapaka grisi kidogo juu baada ya kukaza. Kupima tena: 0.1. Injini iliwaka kabla sijaondoa kidole.

Na zile betri za kwanza? Sikuelewa hadi nilipopima chaji. Kabla ya kusugua, injini ikikimbia vizuri, nguzo za betri zilisoma 13.4, namba ambayo fundi yeyote angeikubali. Baada ya kusugua, 14.1. Regileta nayo hurudisha umeme kwa fremu ileile, kwa hiyo betri ilikuwa inapewa chakula pungufu kila siku, huku safari zetu za mjini ni fupi na demareri haipumziki. Kawaida tafuta kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15, zima, regileta imeharibika na itachemsha betri. Isipopanda kabisa, chomoa soketi ya alteneta, zungusha kitufe kwenye V ya kiwimbi, alama ya 200, na upime waya zake zenyewe kwa zenyewe: volti zinapaswa kupanda kadiri unavyovuta gesi. Kama zina njia ya kwenda kwenye chuma cha injini, huenda koili ya alteneta imeungua.

Taa inayozima ukigeuza usukani kushoto, usiende mbali. Barabara zetu zilizojaa mawe ya lava ya 2002, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, huvunja shaba ndani ya plastiki pale waya zinapojikunja shingoni mwa piki, na kwa nje huoni kitu. Acha taa ikiwaka, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye soketi ya taa upande wa moto, halafu geuza usukani polepole ukitazama namba.

Betri inayoisha piki ikiwa imelala ni jambo lingine. Kontakti (swichi ya ufunguo) ikiwa imezimwa, fungua waya hasi, ipitishe testa katikati kwa tundu la 10A, safari hii kwa makusudi. Usibonyeze demareri ukiwa hivyo! Jirani yangu alisoma 0.04, yaani miliampea 40, kutoka kwenye chaja ya simu aliyoifunga moja kwa moja kwenye betri. Betri ya Ah 5, yaani inayotoa ampea moja kwa saa tano, inamalizwa na kitu hicho kwa siku tano, na yeye alikuwa amesafiri wiki nzima.

Zile betri mbili za zamani nilikuwa sijazitupa. Nilizipeleka kwa kijana anayechaji, zikalala huko usiku mzima, nikazipumzisha siku moja nikapima. Moja ilisoma 10.5: seli moja kati ya sita imekufa, maana kila seli hutoa volti 2.1 hivi. Nyingine ilisoma 12.6 na haijashuka sana hadi leo. Iko chini ya kitanda cha watoto, inawasha balbu wanayosomea umeme ukikatika.